Shahidi wa Nafsi Yake

Kiswahili kimeficha mtego mdogo ndani ya neno sifa. Tangazo la kazi likiandika "sifa za mwombaji", linataja mambo anayopaswa kuwa nayo: cheti, umri, ujuzi wa kompyuta. Kwaya ikiimba sifa, inatukuza. Kijana wa Bukiriro anayekaa kwenye benchi la steshenari pale Ngara mjini, mkoani Kagera, akisubiri wasifu wake uchapwe, anazibeba maana zote mbili kichwani bila kuzitenganisha. Anaulizwa ana sifa gani, naye anasikia anaambiwa ajisifu. Hapo hufanya moja kati ya mawili. Akiwa na ujasiri, anajipamba mpaka karatasi inang'aa. Akiwa amelelewa vizuri, anaona haya na kuandika mistari mitano mikavu. Makosa yanayotajwa kila siku kuhusu wasifu, kuanzia vyeti vya kughushi hadi namba ya mdhamini isiyopatikana, huwa tunayatibu kama makosa ya uandishi. Mimi nayaona ni ya maadili kwanza, kwa sababu yanaanzia kwenye kutokuelewa kwamba wasifu ni ushahidi. Na ushahidi una masharti yake, ambayo misahafu ilianza kuyajadili karne nyingi kabla ya ofisi ya kwanza ya ajira kufunguliwa.

Shaaban Robert aliandika kitabu akakiita Wasifu wa Siti binti Saad. Aliandika habari za mtu mwingine, na hiyo ndiyo maana ya neno hilo tuliyoizoea: mmoja anamweleza mwenzake. Anayesimulia maisha yake mwenyewe anaandika tawasifu. Kumbe mwajiri anapodai "wasifu binafsi" anaomba jambo lenye ugumu wa ajabu, kwamba mtu atoke ndani ya ngozi yake, asimame pembeni, ajitazame kama angemtazama jirani, kisha aseme alichokiona. Si aliyoyatamani wala anayoyaogopa. Injili ya Yohana inaligusa tatizo hili pale ambapo Yesu mwenyewe anaambiwa kwamba anajishuhudia, na ushahidi wa namna hiyo haukubaliki; Torati nayo ilishaweka kanuni kwamba neno lithibitike kwa mashahidi wawili au watatu. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, pengine bila kukusudia, yamekaa juu ya kanuni hiyohiyo. Yanataka maelezo binafsi yanayojitosheleza, na papo hapo yanataka wadhamini watatu wa kuaminika na nakala za vyeti zilizothibitishwa. Useme mwenyewe, halafu waseme wengine.

Tuanze na kosa linalojulikana zaidi, ingawa si lenye uzito kuliko yote katika maeneo yetu. Tarehe 28 Aprili 2017, mjini Dodoma, Rais John Magufuli alipokea taarifa ya uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma. Watumishi 9,932 walikutwa na vyeti vya kughushi, na aliagiza waondoke kazini. Ndani ya taarifa hiyo kulikuwa na namba nyingine iliyosemwa kidogo: vyeti 1,538 vilikuwa vikitumiwa na watu zaidi ya mmoja. Namba hii ndiyo inayonishughulisha. Aliyetengeneza cheti bandia ametunga kitu kisichokuwepo. Lakini anayetumia cheti cha kaka yake aliyebaki shambani amehama jina. Ataitwa jina hilo ofisini miaka ishirini, atalitia saini, atapewa zawadi ya mfanyakazi bora kwa jina hilo, na siku ya msiba wake wafanyakazi wenzake watashindwa kujua kama wamefika nyumba sahihi. Hapa uongo umevuka mipaka ya karatasi, umekuwa mavazi ambayo mtu hawezi kuyavua hata chumbani kwake.

Utetezi wa watu hawa una nguvu, na ni vibaya kuupuuza. Wengi wao walifanya kazi na kuifanya vizuri. Muuguzi aliyezalisha akina mama kwa miaka kumi na mitano hakuzalisha kwa uongo. Serikali yenyewe ililiona hilo kwa namna yake: mwaka 2022, chini ya Rais Samia Suluhu Hassan, iliamua walioondolewa warudishiwe michango yao ya mifuko ya hifadhi ya jamii, jambo lililokiri kwamba jasho lilikuwa la kweli hata kama cheti hakikuwa. Nakubali. Ila jasho la kweli halikijibii cheti cha uongo, kwa sababu aliyedanganywa si mwajiri peke yake. Yupo aliyekuwa na cheti halali akakosa kiti hicho, wala hakuwahi kujua kwa nini. Uongo wa wasifu una mwathirika asiyeonekana, na ndiyo maana mwongo husema kwa moyo mkunjufu kwamba hajamdhuru mtu.

Kuna utetezi mwingine wa njaa na msongamano. Juni 2014 Idara ya Uhamiaji ilipowaita waombaji kwenye usaili, nafasi zilikuwa 70 na waliofika Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, walikuwa zaidi ya 10,000. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato ilitangaza nafasi 1,596 na maombi yakazidi 135,000. Katika umati wa namna hii, wanasema, mkweli anazikwa hai. Kila mtu anaongeza chumvi, na asiyeongeza anaonekana chapwa. Wanazuoni wa Kiislamu wametaja mahali pachache ambapo kusema lisilo kweli kumeruhusiwa, kusuluhisha waliogombana kukiwa mojawapo. Kutafuta kazi hakumo. Lakini hata tukiacha dini kando, hesabu ya hoja hii haikai sawa. Chumvi ikiwa kwenye kila chungu, haimtofautishi mpishi yeyote. Pale wasifu elfu moja unaposema "mchapakazi, mwaminifu, mwenye uwezo wa kufanya kazi kwenye presha na bila kusimamiwa", msomaji hajaambiwa neno kuhusu mtu hata mmoja. Maneno haya hutoka kwenye faili lile lile la kompyuta ya steshenari, linalobadilishwa jina na tarehe ya kuzaliwa, na wakati mwingine jina la mteja wa jana hubaki ukurasa wa pili. Mtu amelipia kuchapwa kwa nafsi ya mwenzake. Na hata ukiyaandika mwenyewe, uaminifu ni jambo ambalo haliwezi kutajwa na mwenyewe. Andika kwamba ulitunza fedha za kikundi cha VICOBA miaka mitatu na mahesabu yalisomwa mbele ya wanachama kila mwaka bila upungufu. Msomaji atalitamka neno "mwaminifu" yeye mwenyewe, na neno likitoka kwake lina uzito.

Hapa ndipo nalazimika kumgeukia Aristotle, maana aliyaona yote mawili. Katika kitabu cha nne cha Maadili ya Nikomako anauweka ukweli wa mtu juu ya nafsi yake katikati ya makosa mawili: majivuno, yanayodai yasiyokuwepo, na kujishusha, kunakokana au kupunguza yaliyopo. Kwake mwenye majivuno ndiye mbaya zaidi, na anayejishusha huonekana mtu wa adabu. Ingawa anaongeza, kwa jicho kali, kwamba kujishusha kupita kiasi huweza kuwa ni majivuno yaliyobadili kanzu. Nadhani Aristotle aliandika hivyo kwa sababu aliishi Athene, mji wa wasemaji. Angeishi Ngara angeipanga safu yake upya. Kosa lililoenea kwetu ni hili la pili. Wengi hawadai wasichonacho. Wanakana walichonacho, tena kwa dhati, kwa sababu wamefundishwa kwamba hakihesabiki.

Chukua mstari wa lugha. Wasifu kutoka wilaya hii ya Ngara huandika "Kiswahili: vizuri sana, Kiingereza: vizuri", na kuishia hapo. Mwandishi amelelewa kwa Kihangaza, au Kishubi, lugha zinazoelewana kwa karibu sana na Kirundi na Kinyarwanda, lakini haiandiki kwa sababu shuleni aliadhibiwa kwa kuizungumza, au kwa sababu anaona lugha ya nyumbani si ujuzi. Wakati huohuo Kiingereza chake, ambacho hakijawahi kumsaidia kununua hata kiberiti, kimepewa "vizuri". Katika mstari mmoja amejipandisha na kujishusha kwa pamoja, na kote amekosea. Historia ya wilaya inamkatalia waziwazi. Mwishoni mwa Aprili 1994, ndani ya takribani saa 24, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakaingia Ngara, na kambi ya Benaco ikawa kama mji mkubwa kwa siku chache. Mashirika yaliyomiminika yalihitaji madereva, walinzi, makarani, wahudumu wa afya, na zaidi ya yote watu wa kusikiliza na kueleza. Wenyeji waliajiriwa, na lugha iliyodharauliwa darasani ikawa mkate. Baada ya Wanyarwanda kurudishwa Desemba 1996, kambi ya Lukole iliendelea kuwahifadhi Warundi hadi ilipofungwa mwaka 2008. Mpaka bado upo mahali pake, malori bado yanapita Rusumo na Kabanga, na mtu anayeweza kumsikiliza dereva Mrundi bila mkalimani bado anauacha ujuzi huo nje ya karatasi.

Si lugha tu. Mwenye pengo la miaka sita baada ya kidato cha nne huandika "2018 hadi 2024: hakuna". Hakuna! Katika hiyo "hakuna" mna shamba la migomba, mna kahawa iliyouzwa kupitia chama cha msingi, mna bodaboda iliyolipiwa mpaka ikawa yake, mna mgonjwa aliyeuguzwa mpaka mwisho. Sisemi kila jambo liingie; mwajiri wa karani wa ghala hahitaji habari za mgonjwa. Ila anayelipa pikipiki kwa marejesho ya kila wiki kwa miezi kumi na minane ana nidhamu ya fedha inayothibitika kwa risiti, na kuiita miaka hiyo "hakuna" ni kutoa ushahidi wa uongo, japo ni uongo unaomwumiza mwenyewe. Amri ya Musa inakataza kumshuhudia jirani uongo. Sioni sababu nafsi yangu iwe na haki ndogo kuliko jirani.

Hapa mcha Mungu atanisimamisha, na ana haki. Atasema, chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Atataja Methali za Suleimani, zinazomtaka mtu asifiwe na mgeni na si kwa kinywa chake. Mwislamu atakumbusha kwamba Qur'ani inakataza watu kujitakasa wenyewe, na kwamba Mtume alimwonya Abdurrahman bin Samura asiombe uongozi, kwani anayepewa bila kuomba husaidiwa, na anayepewa kwa kuomba huachiwa mzigo wake. Nayachukulia maonyo haya kwa uzito wake wote. Lakini Qur'ani hiyohiyo, katika sura ya Yusuf, inamwonyesha nabii akimwomba mfalme ampe usimamizi wa hazina za nchi, akitaja sababu mbili: yeye ni mlinzi, naye ni mjuzi. Wafasiri wamejadiliana sana namna ya kuyapatanisha, na wengi wameona kwamba njaa ilikuwa inakuja, kazi ilihitaji mtu, na aliyeijua alikuwa mmoja. Mimi ninavutwa na namna alivyoomba. Alikuwa mtoto wa nabii na mjukuu wa manabii; mbele ya mfalme hakutaja ukoo. Uzuri wake ulikuwa umewafanya wanawake wa mji wajikate mikono, hakutaja sura. Alitaja mambo mawili tu, na yote mawili ni yale ghala linayoyahitaji: kulinda na kujua. Wanaojaza ukurasa mzima kwa kabila, dini, idadi ya watoto na michezo waipendayo wangefaidika kuitazama kauli hiyo fupi. Na zaidi: miaka ya gerezani, pengo kubwa kuliko yote katika wasifu wowote, hakuificha. Alipoitwa atoke alikataa kwanza, akataka kesi ya wale wanawake ichunguzwe na mashahidi waseme. Hapo ndipo alipozungumzia kazi.

Kitabu cha Mwanzo kinasimulia kisa hichohicho kwa adabu tofauti. Huko Yosefu anamshauri Farao amtafute mtu mwenye akili na hekima, anaeleza kazi itakavyokwenda, hifadhi ya sehemu ya tano ya mavuno kwa miaka saba, na kunyamaza. Jina lake halitaji. Farao ndiye anayelijaza. Njia mbili, moja ya kusema na nyingine ya kuonyesha kazi, na sioni haja ya kuchagua kati yake, maana wasifu mzuri hutumia zote. Paulo naye, alipolazimishwa na Wakorintho kujitetea, alisema wazi kwamba anaongea kama mpumbavu kwa kujisifu, lakini tazama alichokitaja: alipigwa mapigo arobaini kasoro moja mara tano, alivunjikiwa na jahazi mara tatu. Idadi! Hata alipoona aibu ya kujieleza hakukimbilia maneno matamu. Unyenyekevu, kwa mwanga wa visa hivi, haupimwi kwa uchache wa maneno. Unapimwa kwa kuangalia kama maneno yanaweza kukaguliwa.

Ukaguzi unatuleta kwa wadhamini. Kosa la kawaida ni kuandika jina la mtu mwenye cheo ambaye hajaulizwa: diwani, padri wa parokia, mwalimu mkuu aliyehama miaka minne iliyopita. Simu inapopigwa, mtu huyo anauliza, "Nani?" Sheria ya mashahidi wawili au watatu haikuwa ya kutafuta majina makubwa, ilitafuta macho yaliyoona. Katekista aliyekukabidhi funguo za kigango ana ushahidi mzito kuliko mkuu wa idara aliyekupa mkono mara moja kwenye mahafali. Wilaya hii ina ugumu wake hapa, na ni ugumu wa haki: wapo waliofanya kazi kambini kwa miaka, kisha shirika likafunga virago, ofisi ikawa kichaka, na hakuna wa kupigiwa simu. Shahidi amehama nchi. Kwa watu kama hao nadhani jibu la uaminifu ni kuandika kilichofanyika kwa undani ambao mtu asiyekuwepo hangeweza kuubuni, yaani kazi, mahali, mwaka, idadi ya watu uliowahudumia, kisha kumtaja mfanyakazi mwenzako aliye hai, hata kama leo ni mkulima. Mkulima aliyeona anatosha.

Na jina lenyewe? Kwa desturi za wengi wa upande huu, mtoto hupewa jina lake lenye maana yake, na ndugu wa tumbo moja wanaweza wasishiriki jina hata moja. Fomu zinadai majina matatu. Mwalimu wa darasa la kwanza aliandika alivyosikia, r ikawa l, herufi ikaruka. Ubatizo ukaongeza jina, kitambulisho cha Taifa kikachukua mpangilio mwingine. Mwaka 2013, wakati wa Operesheni Kimbunga ya kuwaondoa wahamiaji wasio na vibali, Kagera ilikuwa mojawapo ya mikoa iliyolengwa, na kwa watu wa mpakani swali la "wewe ni nani" halijawahi kuwa swali la falsafa tupu. Wasifu wenye jina moja, cheti chenye la pili na kitambulisho chenye la tatu unasomeka kama watu watatu, na baada ya mwaka 2017 hakuna msomaji wa maombi atakayekudhania mema. Hati ya kiapo au ya kubadili jina inayosajiliwa kisheria hugharimu fedha na safari. Ifanye kabla ya tangazo, wala si baada ya kuitwa.

Limebaki pingamizi chungu: kwamba haya yote ni kupoteza wino, kazi hupatikana kwa kujuana. Mwenye mjomba haandiki wasifu mzuri, na mwenye wasifu mzuri hana mjomba. Siwezi kulikana, na anayelikana haishi nchi hii. Lakini angalia upendeleo unavyofanya kazi: unastawi pale karatasi zote zinapofanana. Mezani kukiwa na maombi mia mbili ya wachapakazi waaminifu, mwenye kuchagua hana kitu cha kumzuia asimchukue mpwa wake, wala wa kumlaumu hana ushahidi. Karatasi iliyosema jambo linalokaguliwa humlazimisha achague kwa kujua anachokitupa. Huenda akaitupa. Ila sasa ameitupa yeye, kwa macho yake, na dhambi imehama upande wa meza.

Mradi wa nikeli wa Kabanga, ambao Serikali ilitia saini makubaliano yake Januari 2021 na kuchukua hisa 16 kwa mia, umewafanya vijana wa Ngara waandike wasifu kuliko wakati mwingine wowote tangu siku za kambi. Wengi watachapisha kwenye steshenari ileile. Kwa hao nina ombi moja dogo: kabla hujamwambia mchapaji aprinti, fika kwenye mstari wa lugha, na juu ya Kiingereza andika Kihangaza.